Boti Iliyozama kwa Adabu

Ilipofika saa tatu na nusu asubuhi, Sajenti Hazel Tranter alikuwa amepewa vikombe vitatu vya chai na hakuwa amepewa jibu hata moja. Cha nne kilikuwa njiani. Alikiona kikija kwenye sinia katikati ya rasharasha, kimebebwa na Bi Beryl Foxall, mchoraji wa chama cha boti, mwanamke wa miaka sabini na mmoja aliyetembea kwa tahadhari ya mtu aliyebeba baruti.

"Sukari ngapi, kipenzi?"

"Bi Beryl, sitaki chai. Nataka kujua nani aliyefanya uharibifu huu."

"Uharibifu? Mimi sijaona mtu akiharibu kitu. Nitakutilia viwili. Umepauka."

Uharibifu wenyewe ulikuwa hatua tatu nyuma yao. Winifred, boti ya mbao ya mwaka 1911, ndefu futi sabini na nyembamba kama ushoroba wa bweni, alikuwa amekaa chini ya mfereji wa Tipton. Kukaa ndilo neno lake, maana mfereji ule hauna kina cha kumzamisha mtu kwa heshima. Maji yalimfika kwenye madirisha ya kibanda cha tezi, kule nyuma; paa lake jekundu lilichomoza juu kama meza, na juu ya paa hilo bata mmoja alikuwa amejiweka na hakuwa na haraka. Watu wa gati la Pinfold humtaja Winifred kama mtu. Mgeni anayesema "ile boti" husahihishwa kabla hajafika kwenye nukta.

Pande zote za Winifred ulipita utepe wa polisi, wa rangi ya buluu na nyeupe, ambao Hazel aliufunga mwenyewe saa mbili asubuhi. Amri ya Inspekta Lomas ilikuwa fupi: utepe hautoki mpaka ijulikane kama hili ni kosa au si kosa, kwa sababu ukinyonya maji unanyonya na ushahidi.

Utepe huo ndio uliokuwa ukimnyima raha Bwana Desmond Pargeter, Mwenyekiti wa Chama cha Kuokoa Winifred. Bwana Pargeter alikuwa naibu mkuu wa shule kwa miaka ishirini na sita, na hata baada ya kustaafu alilitazama kila kundi la watu zaidi ya wawili kana kwamba wametoroka masomo ya jioni. Alikuja sasa na jalada lake kwapani.

"Sajenti. Saa tisa."

"Umeshaniambia, bwana."

"Winchi ya kumwinua Winifred inaondoka hapa saa tisa kamili. Pampu inahitaji saa mbili kumkausha, na winchi haimwinui akiwa na maji tumboni. Utepe usipotoka kufikia saa saba, kazi imeharibika. Jumamosi baa inafunguliwa. Wamesema wasipompata Winifred leo, watachukua boti ya chuma ya mtu mmoja wa Stourport. Ya chuma, Sajenti!"

Hazel aliijua habari hii kwa moyo. Mwenyekiti alikuwa ameahidi kumtoa Winifred kwa baa moja mpya iliyokuwa na bustani. Wangemweka juu ya saruji, wampande maua tumboni, na watoto wangekula chipsi ndani yake. Kamati ilikuwa imegawanyika sawasawa na kura ya Mwenyekiti ndiyo iliyoamua. Wiki mbili zilizopita, mbele ya mashahidi kumi na wawili, mzee Amos Tolley alisimama mkutanoni akasema, "Kabla hujampandisha kwenye saruji, Desmond, nitamlaza chini mwenyewe." Kisha akaketi akamalizia biskuti yake.

"Mtu ametangaza kosa kabla ya kulitenda," alisema Bwana Pargeter. "Na vitu vya kibandani vimeibwa. Nina orodha. Shaba, sahani, mapazia, ndoo ya maji iliyochorwa maua. Mkamate Tolley, toa utepe, sote twende tukale."

"Nikimkamata itakuwaje?"

"Kanuni ya kumi na nne. Mwanachama aliyeshtakiwa kwa kosa dhidi ya mali ya chama hupoteza nafasi yake ya kufunga boti gatini." Aliisema bila kufungua jalada. "Anapewa siku saba kuondoka."

Amos Tolley alikuwa na miaka sabini na tisa na aliishi ndani ya boti yake ndogo, mwisho wa gati hilohilo, kwa miaka thelathini na mmoja. Hakuwa na nyumba nyingine. Hazel aliandika "siku saba" kwenye kijitabu, akapiga mstari chini yake.

*

Alianza na Gurdev Sangha kwa sababu Gurdev alionekana mtu wa maneno machache. Hilo lilikuwa kosa lake la kwanza la siku.

Gurdev alikuwa ameyeyusha chuma katika viwanda vya Smethwick miaka arobaini. Sasa alikuwa ndiye mwenye pampu. Alimkaribisha Hazel kwenye banda, akampa kiti kilichokuwa na mguu mmoja mfupi, akamsogezea bati la sambusa.

"Jana mchana ulikuwa wapi, Bwana Sangha?"

"Hapa hapa, dada."

"Ukifanya nini?"

"Kazi."

"Kazi gani?"

"Ya pampu."

"Ilikuwa na tatizo?"

"Pampu hii?" Gurdev aliweka mkono kifuani. "Dada, hii haijawahi kuwa na tatizo tangu mwaka themanini na saba. Ngoja nikueleze inavyofanya kazi."

Akamweleza. Alieleza vali. Alieleza mpira wa vali. Alieleza kwa nini mpira wa vali wa siku hizi si mpira bali ni tusi. Mara tatu Hazel alifungua mdomo, na mara tatu akakuta sambusa ndani yake. Alipotazama saa, dakika arobaini zilikuwa zimekwenda na maji.

"Bwana Sangha, kuna mtu yeyote aliyeiharibu boti hii jana?"

"Hapana," alisema Gurdev, akimtazama machoni. "Nikimwona mtu anamharibu Winifred namvunja mkono. Andika hivyo hivyo."

Hazel aliandika hivyo hivyo. Alikuwa amehoji waongo kwa miaka kumi na tatu, na alijua mwongo hukaaje. Huyu hakukaa hivyo. Hilo lilimuudhi kuliko uongo.

Bi Beryl alikuwa mbaya zaidi. Alikubali kuhojiwa kwa sharti la kuendelea na kazi, na kazi yenyewe ilikuwa kuchora waridi kwenye ubao. Waridi la mfereji, lile linalochorwa kwenye boti, lina petali zake na kila petali ina pigo moja la brashi, na mkono hausimami katikati. Kwa hiyo kila swali lilisubiri petali.

"Mlangoni mwa kibanda cha Winifred nimekuta kufuli limefungwa," alisema Hazel. "Halikuvunjwa. Nani ana ufunguo?"

Petali.

"Sote, kipenzi. Unaning'inia kwenye msumari."

"Msumari uko wapi?"

Petali. Petali. Jani.

"Kando ya kibao kinachosema ufunguo uko hapa."

Hazel alifumba macho, akahesabu hadi kumi kama alivyofundishwa kwenye semina ya kutuliza hasira, kisha akahesabu tena kurudi nyuma, jambo ambalo semina haikulifundisha.

*

Amos Tolley hakumpa chai. Alikuwa ameketi kwenye paa la boti yake, mvua ikimnyeshea, akisuka kamba.

"Panda, binti. Angalia hapo panateleza."

"Mzee Tolley, uliapa mbele ya watu kumi na wawili kwamba utamzamisha."

"Kumi na wanne. Desmond hakuwahesabu waliokuwa jikoni."

"Ulimzamisha?"

Amos alivuta uzi, akaukaza kwa meno. "Nani anasema nina nguvu hizo? Nitazame vidole hivi. Tai ya mazishi sifungi mwenyewe."

"Hilo si jibu."

"Si jibu, lakini ni kweli."

"Utaniruhusu nitazame ndani?"

Mzee alijongea kando. Hazel aliinama, akashuka ngazi mbili, na hakuhitaji kutafuta. Vyote vilikuwa pale: ndoo ya maji yenye maua, sahani zenye kingo za matundu, vishikio vya shaba, mapazia. Orodha yote ya Bwana Pargeter ilikuwa imepangwa kwenye kitanda cha mzee, na mzee mwenyewe, ilionekana wazi, alikuwa amelala kwenye kiti.

Sauti ya Mwenyekiti ilisikika gatini kabla mtu hajamwita. "Amevipata! Nilisema! Amevipata!"

Hapo simu ya Hazel ililia. Alikuwa Inspekta Lomas.

"Tranter, umefika wapi?"

"Nimeona vitu, bwana. Viko kwa Tolley."

"Basi kuna kitisho, kuna mashahidi, kuna mali. Unasubiri nini, aje akukamate yeye?"

"Kuna kitu hakikai sawa, bwana."

"Nina kesi mbili za visu Wednesbury na basi lililochomwa Oldbury. Wewe una bata juu ya paa. Nataka jina saa sita na nusu. Likiwa la Tolley, sawa."

Simu ikakatika. Hazel alibaki ameshika ndoo ya maji ya Winifred. Ndiyo, kila kitu kilikuwa pale, tena kwa unadhifu wa kuudhi. Alikigeuza kifurushi kimoja cha gazeti. Juu yake palibandikwa karatasi ndogo, na mwandiko ulikuwa wa duara, wa mchoraji: *Sahani ya pili, rafu ya juu, kushoto kwa jiko.* Akachukua kingine. *Pazia la mlango. Lisirudishwe likiwa na unyevu.*

Alikaa ukingoni mwa kitanda. Mwizi huandika mengi, hata barua za kumtukana mwenye mali. Lakini mwizi hajiandikii mahali pa kurudishia.

*

Alirudi kwa Winifred na safari hii hakumuuliza mtu. Alizunguka utepe mara mbili, buti zikinyonya tope.

Jambo la kwanza lilikuwa mbele ya macho yake tangu asubuhi, na hakuliona kwa sababu lilikuwa limenyooka. Winifred hakuwa amelala upande. Hakuwa ameinamisha omo wala kuinua tezi. Alikuwa amekaa bapa, paa lake sambamba na maji, kama mtu aliyeambiwa keti akaketi. Boti inayohujumiwa huning'inia kwenye kamba zake kama mlevi begani mwa rafikiye. Hazel alizitazama kamba. Zote mbili zilikuwa zimelegezwa, na kila moja ililegea kwa kiasi kilekile. Mtu alikuwa amezifungua kabla, akazipima, akazifunga upya kwa fundo zuri.

La pili, bomba la moshi la jiko halikuwapo. Mahali pake palifunikwa kopo, na kopo lilifungwa kwa waya ili bata wasidondoshe kitu.

La tatu, pembeni mwa gati, nyasi zilikuwa zimelala katika mstari mpana wa mpira wa maji. Mstari huo ulitoka kwenye banda la Gurdev ukaenda kwa Winifred. Jana mchana pampu ilifanya kazi. Ilikuwa nzuri sana. Haijawahi kuwa na tatizo. Lakini jana mchana Winifred alikuwa mkavu. Hapakuwa na maji ya kunyonya.

Isipokuwa kama pampu ilinyonya kutoka mfereji, ikatapika ndani ya boti.

Hazel alijipiga paji la uso kwa kijitabu. Saa mbili za kelele, mchana kweupe, mita kumi kutoka kwenye meza ya chai. Na yeye amekuwa akiuliza kama kuna mtu aliyeona chochote!

Alisimama pale akiwaza juu ya watu hawa. Asubuhi hiyo tu, Bi Beryl alikuwa amekataa kumwazima mwavuli mpaka aweke sahihi. Katikati ya vali, Gurdev alikuwa amemweleza kwamba kila Jumamosi chama kilitundika karatasi ya kazi za wiki kwenye mlango wa banda, kazi zote, tangu kupaka boti deheni mpaka kununua biskuti, na Mwenyekiti aliweka sahihi chini. Bila sahihi hiyo bima haifanyi kazi, na bila bima hakuna mwanachama anayeinua nyundo. Gurdev mwenyewe aliwahi kukaa wiki nzima akitazama msumari uliochomoza, akisubiri Jumamosi.

Watu wa namna hiyo wanaweza kuzamisha boti. Lakini wazamishe boti bila karatasi? Kamwe.

Alikwenda kwenye mlango wa banda. Kulikuwa na msumari mrefu, na kwenye msumari karatasi nene kama kitabu. Ya juu kabisa ilikuwa ya wiki iliyopita. Ya chini kabisa ilikuwa ya mwaka 1998. Ya wiki hii haikuwapo, na karibu na ncha ya msumari palibaki kona yake, imechanika. Ndani ya banda, chini ya bati la sambusa, ukingo wa karatasi ulikuwa ukichungulia.

"Bwana Sangha," alisema Hazel kwa upole uliomtisha hata yeye mwenyewe, "naomba uinue bati la sambusa."

Gurdev alimtazama Beryl. Beryl alimtazama Amos, aliyekuwa amekuja polepole na kamba yake. Amos alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa sita na dakika ishirini.

"Tumejitahidi," alisema Amos.

Gurdev akainua bati.

Kazi zilikuwa arobaini na moja. Ya thelathini na mbili ilikuwa kufagia choo. Ya thelathini na tatu ilisomeka hivi: *Kumzamisha Winifred palepale alipo, ili mbao zinywe maji. Jumatano baada ya chakula. Pampu: Gurdev. Kuhamisha vyombo: Beryl. Kamba na usimamizi: Amos.* Na chini ya yote, kwa wino wa kijani wenye mkia mrefu, *D. Pargeter, Mwenyekiti.*

"Mbao zinywe maji," alirudia Hazel.

"Alikaa nje ya maji wiki sita akizibwa nyufa kwa kalafati," alisema Amos. "Jua la Machi na upepo. Mbao zikasinyaa, unapitisha sarafu katikati. Sasa mtu wa chuma atakwambia tia rangi. Sisi boti ya mbao tunailaza chini ikanywe. Mamangu alifanya hivyo, na babu yake. Chini ya maji haiozi, binti. Inayooza ni ile iliyo nusu ndani nusu nje. Na ile ya kwenye saruji ndiyo basi, kiangazi kimoja tu unabaki na kuni."

"Na Mwenyekiti?"

"Alianza na boti za chuma za starehe," alisema Beryl, kwa huruma ya mtu anayetaja ugonjwa. "Hatumlaumu."

"Nimewauliza tangu saa mbili asubuhi!"

"Umeuliza nani kaharibu," alisema Gurdev. "Hakuna aliyeharibu."

Hazel alikuwa na maneno ya kuwaambia, na aliwaambia yote. Aliwaambia kuhusu kupoteza muda wa polisi, kuhusu visu viwili vya Wednesbury na basi la Oldbury. Walimsikiliza wameinamisha vichwa, wote watatu, kama darasa lililokutwa likivuta sigara chooni. Na kama darasa hilo, walijuta kila kitu isipokuwa walichofanya.

*

Bwana Pargeter aliisoma karatasi mara tatu. Rangi ya uso wake ilianza kwenye waridi ikaishia kwenye zambarau.

"Huu ni ulaghai."

"Ni sahihi yako, bwana?"

"Ni sahihi yangu! Lakini hakuna mtu duniani anayesoma kazi arobaini na moja!"

Hazel alifungua fomu kwenye meza ya banda, akaweka kalamu juu yake. Alizungumza taratibu, kwa sababu alitaka hili lieleweke, na kwa sababu alikuwa amechoka hadi kwenye kucha.

"Kuna njia mbili, Bwana Pargeter. Ya kwanza: unaandika kwamba kazi ilifanywa kwa idhini ya Mwenyekiti. Mwenye mali akiidhinisha, hakuna kosa. Nafunga jalada sasa hivi, Mzee Tolley hana shtaka, utepe unatoka, unapiga pampu. Sasa ni saa sita na dakika thelathini na tano. Kabla ya saa tisa yuko mkavu. Winchi inampata."

"Na ya pili?"

"Unaandika kwamba ulidanganywa. Hilo ni dai zito, nitalichunguza lote. Mzee Tolley anabaki mshukiwa. Lakini mahali pa kosa panabaki kama palivyo. Utepe hautoki."

Brashi ya Bi Beryl ilisimama katikati ya petali.

Hapo ndipo Hazel alipomwona Amos akikunja ile kamba mkononi. Mzee alikuwa ameielewa hesabu kabla ya Mwenyekiti. Njia ya kwanza ingemwachia Amos nyumba yake na kumpeleka Winifred kwenye saruji. Aliitazama kalamu tu.

Bwana Pargeter aliichukua. Aliandika mstari mmoja. Akaufuta.

"Ninachotaka kusema," alisema, "ni kwamba niliidhinisha, lakini bila kuidhinisha."

"Hakuna kisanduku cha hilo, bwana."

"Basi niandike: niliweka sahihi nikiwa na imani ya kuridhisha kwamba..."

"Andika unavyotaka. Mwishoni utatia alama kwenye 'ndiyo' au 'hapana'."

Aliandika. Mtu mwingine yeyote angetia alama, akapokea boti yake na kumsamehe mzee wa watu. Lakini Bwana Pargeter alikuwa amewaandikia wanafunzi ripoti kwa miaka ishirini na sita, na hakuwa amewahi kukubali katika ripoti hata moja kwamba yeye ndiye hakusoma. Rasimu ya kwanza ilimlaumu Tolley. Rasimu ya pili ilimlaumu mchapaji. Katika rasimu ya tatu alisahihisha sentensi ya Hazel aliyoona ina mkato mahali pasipostahili, na wakabishana juu ya mkato huo, na walipomaliza ilikuwa saa saba na robo.

Nje, winchi ilikuwa imefika. Dereva wake, Kelvin, alikuwa ameegemea gurudumu akitafuna ngozi za nguruwe zilizokaangwa, pakiti mkononi.

"Vipi, wakubwa? Kitu chenyewe kiko wapi?"

"Unakitazama," alisema Gurdev.

Kelvin alimtazama bata. "Mimi nimeambiwa boti."

Rasimu ya nne ilikuwa na tanbihi. Inspekta Lomas alipiga simu mara mbili akitaka jina. Mara zote mbili Hazel alimwambia ukweli, kwamba mlalamikaji bado anaandika. Ya tano ilikuwa nzuri kweli, Hazel alikiri moyoni, ila ilisema ndiyo katika aya ya kwanza na hapana katika ya tatu. Alimrudishia. Mkono wake ulikuwa umekufa ganzi kwa kugonga kalamu mezani.

Saa nane na dakika arobaini, Kelvin alichungulia mlangoni. "Nina kazi Walsall saa tisa na nusu. Nikunje mkono wa mashine au?"

"Subiri!" Bwana Pargeter aliruka. Alitia alama kwenye "ndiyo" kwa nguvu iliyotoboa karatasi, akasaini kwa wino wa kijani wenye mkia. "Haya! Niliidhinisha! Mimi! Ondoa huo utepe!"

Hazel aliisoma fomu mwanzo hadi mwisho, kama taratibu zinavyotaka. Akatia muhuri. Akatoka mvuani, akafungua utepe kwenye nguzo ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Pampu!" alipaza sauti Mwenyekiti. "Sangha, pampu!"

"Haiko kwenye karatasi ya wiki hii, Bwana Mwenyekiti," alisema Gurdev. "Bima."

"Inachukua muda gani hiyo pampu?" aliuliza Kelvin.

"Saa mbili, kaka. Ikiwa na afya."

Kelvin alikunja pakiti yake, akaitia mfukoni, akapanda kwenye kiti cha mashine. Bwana Pargeter alikimbia kando ya gurudumu hadi kwenye daraja, akimweleza jambo lenye vifungu vingi. Winchi ilivuka daraja. Yeye alibaki juu yake, jalada limefunguka, karatasi zikilowa moja moja, naye akizungumza kwa simu na mtu wa baa. Kutoka gatini hawakusikia maneno, ila waliona bega lilivyoshuka pale mtu wa baa alipotaja, bila shaka, Stourport.

Hazel alimpigia Lomas. "Hakuna kosa, bwana. Kazi ya matengenezo. Imeidhinishwa."

"Siku nzima, Tranter?"

"Siku nzima."

Alisikia pumzi, kisha simu ikakatwa. Amos alikuwa amesimama kando yake, ameuvaa uso wa mtu wa kanisani.

"Mzee Tolley. Ungeweza kupoteza nyumba yako leo. Ungeniambia tu saa tatu asubuhi. Neno moja."

"Ningekwambia saa tatu," alisema Amos, "ungetoa utepe saa tatu na nusu."

Hazel alianza kuviringisha utepe wake. Chini yao, kutoka mahali fulani kwenye mbao za Winifred, kiputo kimoja cha hewa kilipanda taratibu, kikapasuka.

"Anakunywa," alisema Amos, na akaenda kuyatoa mapazia kitandani mwake.